Mtaji Mdogo na Mtandao: Namna ya Kulinda Biashara Ndogo Dhidi ya Utapeli na Hitilafu za Mifumo

Jumapili tarehe 12 Mei 2024, Kanisa lilipokuwa likiadhimisha Siku ya 58 ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, mikongo miwili ya mawasiliano iliyolazwa chini ya Bahari ya Hindi, SEACOM na EASSy, ilipata hitilafu katika eneo lililo kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, na huduma ya intaneti ilisuasua kwa siku kadhaa. Baba Mtakatifu Francisko alikuwa ameiandikia Siku hiyo ujumbe kuhusu akili mnemba na hekima ya moyo. Msomaji wa hapa kwetu aliyetaka kuufungua mtandaoni siku yenyewe alihitaji kwanza hekima ya uvumilivu.

Hakuna mwizi aliyehusika na jambo hilo. Hata hivyo, mwenye duka anayepokea oda zake zote kwa WhatsApp hukosa oda katika siku za namna hiyo, na mwenye steshenari anayeishi kwa kuwajazia vijana fomu za maombi ya vyuo na kazi hukaa bila kazi. Tunalitanguliza tukio hili kwa sababu mazungumzo juu ya usalama wa mtandao huelekea mno upande wa kuibiwa na kuusahau upande wa kukwama. Kwa mfanyabiashara mdogo, siku tatu za kukwama zinaweza kulingana kwa hasara na wizi wa siku moja, na mara nyingi maandalizi yanayomwokoa katika jambo moja humwokoa pia katika lile jingine.

Waamini wengi katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristo wanaishi kwa biashara ya namna hii: kibanda cha wakala wa fedha, duka la dawa muhimu, saluni, genge, cherehani mbili barazani, banda la kuku wa mayai. Ni wachache miongoni mwao ambao wangejiita watumiaji wa mifumo ya kompyuta. Lakini wauzaji wao wa jumla wamo kwenye simu, wateja wao wamo kwenye simu, na fedha zao zimo kwenye simu. Zaidi ya hayo, mtaji wenyewe mara nyingi si wao peke yao. Umetoka VICOBA au SACCOS, na wenzao wametia sahihi kuwadhamini. Shilingi 800,000 zikiondoka kwenye simu ya mama mmoja jioni ya Ijumaa, ifikapo siku ya kikao zimekwisha kuwa deni la watu watano. Tunaohudumu parokiani tunajua jinsi deni la namna hiyo linavyoweza kuwafanya majirani wa miaka mingi waache kusalimiana.

Simu iliyo ofisi na sanduku la fedha

Karibu kila mwenye simu nchini amewahi kupokea ujumbe unaomwambia kwamba ile hela aitume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Watu huucheka, na kicheko hicho huficha jinsi ulivyotungwa kwa akili. Tapeli hamjui anayemwandikia, wala hahitaji kumjua. Huwatumia watu wengi kwa mkupuo mmoja, akitumaini kwamba miongoni mwao yupo ambaye saa hiyo hiyo alikuwa akijiandaa kumtumia mtu fedha. Asiye na deni siku hiyo ataufuta. Lakini mfanyabiashara anayedaiwa na muuzaji wa jumla, na ambaye ameahidi kulipa kabla ya saa kumi jioni, hauoni kuwa ujumbe wa ajabu. Anauona kuwa ndio ujumbe aliokuwa akiusubiri. Kwa maneno mengine, mtego huu humnasa zaidi yule anayependa kulipa madeni yake kwa wakati, na kumwita mjinga ni kumwonea.

Sura iliyokomaa ya utapeli huo ni hatari zaidi. Mama anayeuza vitenge wilayani huagiza mzigo wake Kariakoo kwa mazungumzo ya WhatsApp, na mwenye duka la Kariakoo humtumia picha, bei na namba ya malipo. Siku moja unakuja ujumbe kwamba namba ya zamani ina tatizo, malipo yapitie namba nyingine. Huenda ujumbe huo umetoka kwenye namba ngeni iliyobandikwa picha ya muuzaji. Huenda pia umetoka kwenye akaunti halisi ya muuzaji ambayo imekwisha kutekwa, na hapo unaonekana chini ya mazungumzo yao yote ya miezi iliyopita, bila dalili yoyote ya ugeni. Kwa sababu hiyo hatushauri mtu ategemee macho yake katika kutambua ujumbe wa uongo. Tunashauri kanuni isiyo na msamaha: namba ya malipo ikibadilika, hakuna fedha inayotumwa mpaka mnunuzi amempigia muuzaji simu ya kawaida, kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, na kusikia sauti yake. Na kwa kuwa leo akili mnemba inaweza kuiga hata sauti, aulize jambo dogo wanalolijua wawili hao tu, kama vile mzigo uliopita ulikuwa na doti ngapi. Kisha, kabla ya kuingiza namba ya siri, asome jina linaloonekana kwenye simu. Mitandao yetu ya fedha huonyesha jina la mpokeaji kabla ya muamala kukamilika. Wengi hulipita jina hilo kwa haraka kana kwamba ni pambo.

Kwa upande wa anayepokea fedha, hatari kubwa ni ujumbe bandia wa malipo. Mteja huonyesha kwenye simu yake kwamba amelipa, au mwenye duka hupokea ujumbe ulioandikwa kwa kufuata neno kwa neno mtindo wa ujumbe halali, ila umetoka kwenye namba ya mtu binafsi. Ujumbe si fedha. Fedha ni salio, na salio huangaliwa na mwenye duka mwenyewe kupitia menyu ya huduma kabla mzigo haujaondoka. Mteja mwema hachukii kusubiri nusu dakika. Anayechukia, akadai ana haraka na gari linamwacha, anastahili kuangaliwa kwa makini zaidi.

Mawakala wa fedha wana jaribu lao maalumu. Mtu hupiga simu akijitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja, anamtaja wakala kwa jina, anamweleza kwamba laini yake itafungwa au kwamba kuna kamisheni haijaingia, kisha anamwongoza abonyeze tarakimu moja baada ya nyingine. Tarakimu hizo ndizo zinazohamisha floti. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, pamoja na kampuni za simu wamekuwa wakiwaeleza wananchi kwamba simu halali ya huduma kwa wateja hutoka namba 100 pekee, na kwamba hakuna mtoa huduma anayehitaji kujua namba ya siri ya mteja.

Hapa kuna jambo ambalo haliwezi kupita bila kusemwa. Katika vibanda vingi anayekaa dirishani si mwenye mtaji, bali ni binti au kijana aliyeajiriwa kwa mshahara mdogo, aliyepewa simu na namba ya siri siku ya kwanza bila kuelekezwa lolote zaidi ya kufungua na kufunga. Fedha zikiibiwa kwa utapeli, mwenye kibanda humkata mshahara miezi minne au mitano. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2409, inataja udanganyifu katika biashara na ulipaji wa mishahara isiyo ya haki pamoja, katika mafundisho yake juu ya Amri ya Saba. Mwajiri ambaye hakutoa mafunzo, hakuweka kiwango cha juu cha muamala, na hakueleza ni lini apigiwe simu kwanza, amebeba sehemu kubwa ya kosa lile. Karatasi moja iliyobandikwa ndani ya kibanda, yenye kiasi ambacho kikizidi lazima mwenye mali aulizwe, pamoja na ruhusa iliyo wazi ya kumwambia mteja yeyote asubiri, hugharimu kidogo kuliko mshahara wa siku moja. Ruhusa hiyo ndiyo ya lazima zaidi, kwa kuwa matapeli hutegemea woga wa mwajiriwa mbele ya mtu anayezungumza kwa sauti ya bosi.

Akaunti iliyotekwa na laini isiyo yako

WhatsApp hutekwa kwa njia nyepesi kupita kiasi. Mwizi huingiza namba ya mfanyabiashara kwenye simu nyingine. Mfumo hutuma tarakimu 6 za uthibitisho kwa mwenye namba. Kisha mwizi, mara nyingi akitumia akaunti ya rafiki ambaye ametekwa tayari, humwomba mwenye namba amtumie tarakimu hizo, akisema zimetumwa kwake kwa bahati mbaya. Akizipata tu, akaunti ni yake. Ndani ya saa moja atakuwa amewaandikia wateja, kikundi cha jumuiya na kwaya nzima akiomba mkopo wa dharura. Kinga yake imo ndani ya programu yenyewe: katika mipangilio kuna uthibitisho wa hatua mbili, ambapo mtumiaji huweka namba yake ya siri ya tarakimu 6 pamoja na anwani ya barua pepe ya kurejeshea. Kazi hiyo huchukua dakika mbili. Tungependa kila kiongozi wa jumuiya anayesimamia kundi la WhatsApp la wanajumuiya awe ameifanya.

Laini za simu nazo zinahitaji kukaguliwa. Tangu usajili kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, kila laini imefungwa kwenye kitambulisho cha NIDA cha mtu fulani, na kwa kupiga *106# mtu anaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoitambua, aende kwenye duka la kampuni husika ikafungwe, kwa sababu uhalifu utakaofanywa kwa laini hiyo utaanza kufuatiliwa kwa jina lake. Na simu ya biashara ikipoteza mtandao ghafla bila sababu, wakati simu za jirani zinafanya kazi, isidharauliwe hadi kesho. Huenda mtu ameirudisha laini hiyo kwenye kadi nyingine.

Kompyuta ya dukani na nakala ya pili

Kuhusu kompyuta tutasema kwa kifupi zaidi, isipokuwa katika jambo moja. Kompyuta nyingi za steshenari na maduka ya dawa huambukizwa kwa flashi za wateja na kwa programu zilizopatikana bila leseni. Mwezi Mei 2017 programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zipatazo 150, ikiyafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 kwa kila kompyuta. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu hilo tangu mwezi Machi, na kompyuta zilizokuwa zimesasishwa zilipona. Ni vema kujua pia kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikia kikomo cha masasisho yake ya kawaida ya bure kwa Windows 10, mfumo ambao bado upo katika kompyuta nyingi za mitumba. Lakini hata anayesasisha hajapata kinga kamili: tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro kutoka kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilizima kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, na kukwamisha viwanja vya ndege na benki. Waliotakiwa kuwa walinzi ndio waliofunga mlango.

Jambo lenyewe ni hili: asiye na nakala ya pili ya kumbukumbu zake hana kumbukumbu, ana bahati tu. Daftari la wakopaji, orodha ya mzigo, hesabu za mwezi na mikataba viwe mahali pawili angalau. Nakala moja iwe nje ya duka, kwa sababu moto na mafuriko havichagui. Nayo isikae imechomekwa kwenye kompyuta muda wote, kwani programu hasidi inayoyafunga mafaili ya kompyuta huyafunga pia yale ya kifaa kilichochomekwa. Diski ndogo ya nje inayochomekwa kila Jumamosi jioni na kurudishwa nyumbani inatosha kwa duka la kawaida. Wengi hufika hapo, wakaridhika. Wachache hujaribu kuifungua nakala ile kwenye kompyuta nyingine ili kuona kama kweli inasomeka. Jaribio hilo lifanywe mara moja kwa robo mwaka. Sheria inayosimamia kodi humtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na maelezo kwamba kompyuta iliungua hayatamsaidia sana mbele ya ofisa wa TRA.

Umeme ni nusu ya tatizo hili katika mazingira yetu. Kukatika na kurudi kwake kwa kishindo huua diski za kompyuta, hivyo kifaa cha UPS kinachotoa dakika kumi za kufunga kazi kwa utaratibu ni ununuzi wa busara kuliko kompyuta ya pili. Na tukumbuke kwamba mfumo wa LUKU wenyewe ulipopata hitilafu mwezi Mei 2021, wananchi waliokuwa na fedha mkononi walishindwa kununua umeme. Anayeendesha friji ya maziwa au mashine ya kutotolea vifaranga asisubiri uniti ziishe ndipo anunue.

Kwa kukatika kwa intaneti, mwenye biashara awe na laini za mitandao miwili tofauti, na ajue njia za malipo zisizohitaji bando. Menyu za nyota na reli hazitegemei intaneti ya simu. Aliyezoea programu ya simu janja peke yake husahau hata jinsi ya kuzitumia. Namba za simu za wauzaji na wateja wakubwa ziandikwe kwenye daftari la karatasi. Tunajua kwamba ushauri huu unasikika kuwa wa kizamani, na hatuoni haya kuutoa.

Taarifa za watu wengine

Steshenari ni mahali ambapo mtu huacha zaidi ya fedha. Huacha picha ya kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, vyeti vya shule, na mara nyingi barua pepe yake ikiwa wazi kwenye kompyuta aliyotumia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu mwenye steshenari kama inavyoihusu benki, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeundwa kuisimamia. Mafaili ya wateja yafutwe kila siku jioni, pamoja na yale yaliyobaki kwenye kikapu cha takataka cha kompyuta; karatasi zilizoharibika zichanwe, zisifungiwe maandazi. Anayemfungulia mteja akaunti ya barua pepe amwache mteja achague neno la siri mwenyewe. Desturi ya kuwaandikia wateja wote neno moja la siri, ili iwe rahisi kuwasaidia wakilisahau, imeenea, na ni sawa na fundi anayewauzia mtaa mzima kufuli zenye ufunguo mmoja.

Saa ya kwanza baada ya wizi

Fedha ikiibiwa, dakika za mwanzo ndizo zenye thamani, kwa sababu mwizi naye anakimbilia kuitoa. Namba 100 ipigwe mara moja ili muamala uzuiwe kama fedha haijatolewa, na laini au akaunti ifungwe. Ujumbe wa mwizi usifutwe kwa hasira: upigwe picha, namba, tarehe, saa na kumbukumbu ya muamala viandikwe, kisha namba ya tapeli iripotiwe TCRA kupitia 15040. Baada ya hapo ni kituo cha Polisi, kufungua shauri na kupewa namba ya RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua udanganyifu unaofanywa kwa kompyuta, na kitendo cha kujifanya mtu mwingine kwa njia hiyo, kuwa ni makosa ya jinai. Kwa hiyo mlalamikaji asikubali kurudishwa nyumbani kwa kuambiwa kwamba ni uzembe wake.

Wengi hawafiki huko, kwa sababu ya aibu. Wanawake wafanyabiashara hasa hunyamaza, wakakopa kwa riba kali ili kulijaza pengo kabla mume au kikundi hakijajua, na riba hiyo huumaliza mtaji uliokuwa umebaki. Vikundi vyetu vinaweza kulizuia hilo kwa kuandika katika katiba zao, kabla jambo halijatokea, kwamba mwanachama aliyetapeliwa na kutoa taarifa ndani ya saa 24 ataongezewa muda wa marejesho bila faini. Taarifa hiyo ipelekwe kwa mwenyekiti na mweka hazina pamoja, na namba ya RB iingizwe katika muhtasari wa kikao kinachofuata.